Wameongezeka wapi?

Katika kipindi chote cha Korona, namba iliyonichosha kuliko zote ilikuwa jumla ya taifa. Inasomwa jioni kwa sauti nzito: wagonjwa wapya kadhaa, jumla kuu kadhaa, waliopona kadhaa, waliofariki kadhaa, tuendelee kunawa mikono. Jumla ile haishuki kamwe, maana imehesabiwa tangu siku ya kwanza. Hata ugonjwa ungekoma usiku huohuo, kesho yake ingebaki palepale ikikutisha. Na juu ya pale unapoishi haikwambii neno.

Shangazi yangu ana pumu, na umri wake si haba. Taarifa ikiisha tu, simu yangu inalia.

"Mwanangu, wameongezeka. Sasa kesho nitoke au nisitoke?"

"Shikamoo shangazi. Wameongezeka wapi?"

"Si nchini!"

Hapo tulikwama kila jioni. Nchi ni kubwa. Wagonjwa mia wakiwa mji wa mbali, shangazi anaweza kwenda kliniki yake kwa amani. Wakiwa kumi tu nyuma ya nyumba yake, bora abaki ndani na mimi nikamchukulie dawa. Swali lake lilihitaji namba ya wilaya, na ikiwezekana ya kata, na hakuna aliyekuwa akimsomea hiyo.

Mimi si daktari. Ni mtunza ghala, na kazi hii humfundisha mtu kutoliamini daftari kabla hajaiona rafu. Daftari litasema magunia yapo arobaini kwa sababu mzigo ulioingia umeandikwa na uliotoka karani bado hajauandika. Basi nikaanza kuziangalia takwimu za Korona kwa jicho hilohilo: nani kaandika, kaandika lini, kahesabu nini, na kipi kimepita mlangoni bila kuandikwa.

Jedwali langu lilikuwa la kawaida sana. Tarehe, wagonjwa wapya wa wilaya, vipimo vilivyofanyika, waliolazwa. Kisha safu moja niliyoikokotoa mwenyewe: wagonjwa wapya wa siku saba zilizopita kwa kila watu 100,000. Kipimo hicho sikukibuni mimi. Ujerumani walikifanya kuwa uti wa mgongo wa maamuzi yao. Mei 2020 serikali kuu na majimbo walikubaliana kwamba wilaya yoyote ikivuka wagonjwa wapya 50 kwa kila watu 100,000 ndani ya siku saba, lazima ichukue hatua zake yenyewe, bila kusubiri taifa zima lifungwe. Ile 50 haikutoka hewani. Ilihusishwa na uwezo wa ofisi za afya za wilaya: zaidi ya hapo, waliamini, wafanyakazi wao wasingeweza tena kumpigia kila mgonjwa na kila aliyekaribiana naye. Naipenda sana hoja hiyo, kwa sababu inapima ugonjwa na inapima pia mikono iliyopo ya kuukabili.

Siku saba, kwa sababu maabara nazo hupumzika. Bila kujumlisha wiki nzima, kila Jumatatu ungesherehekea na kila Alhamisi ungeandika wosia.

Ila kugawa kwa 100,000 kuna mtego wake mahali padogo. Kata ya watu 4,000 ikipata wagonjwa wawili, mke na mume, tayari imefika 50 na inang'aa nyekundu kwenye ramani kama vile jiji zima linaugua. Kwa hiyo nilishika mazoea ya kutoitazama rangi ya ramani kabla sijaona idadi halisi ya watu. Wawili ni wawili.

Jambo lililonichukua muda mrefu kumweleza shangazi ni ucheleweshaji. Chukua mtu aliyeambukizwa Jumamosi. Kwa virusi vile vya mwanzo, dalili zilikuja baada ya siku tano hivi kwa wastani, wengine hata kumi na nne. Alhamisi koo linawasha, anasema ni vumbi. Jumamosi homa inapanda. Jumatatu anakwenda kupimwa. Majibu yanachukua siku mbili, au tano maabara ikizidiwa. Kisha namba yake inapanda ngazi kutoka kituo hadi wilaya, kutoka wilaya hadi wizara, na jioni moja inasomwa. Siku kumi, pengine kumi na nne, zimekwisha pita. Na siku alizokuwa akiambukiza wenzake zaidi zilikuwa ile moja au mbili kabla ya koo kuwasha na chache baada yake, yaani wakati bado hayumo kwenye daftari la mtu yeyote.

Sasa weka hesabu. Tuseme maambukizi yanaongezeka maradufu kila siku tano, na namba unayosoma imechelewa siku kumi. Unasoma 20, huko nje wapo 80. Kiongozi anayesema "bado ni wachache, tusubiri tuone" anaangalia 20. Akija kuona 80, ni 320. Ndiyo maana hatua iliyochukuliwa kwa wakati karibu siku zote huonekana ya kijinga siku inapotangazwa.

Kinyume chake nacho kipo, na kimevunja watu moyo kuliko kitu kingine nilichokiona. Hatua zikichukuliwa leo, namba zitaendelea kupanda kwa wiki nzima na zaidi, kwa sababu walioambukizwa kabla bado wako njiani kuja. Watu wanaona mkunjo wa grafu unapanda, wanasema barakoa hazina kazi, wanazivua. Vifo ndivyo vya mwisho kabisa kugeuka. Huja wiki mbili, tatu nyuma ya dalili. Anayengoja vifo vimwonyeshe njia anaendesha gari kwa kioo cha nyuma.

Halafu kuna swali la nani anapimwa. Wiki moja namba ya eneo letu iliruka ghafla, na simu yangu haikupumzika. Nilipoitazama safu ya vipimo nikakuta nayo imeruka zaidi ya hiyo. Kituo kipya cha kupimia kilikuwa kimefunguliwa. Waliokutwa nao kati ya kila mia waliopimwa walikuwa wamepungua. Hiyo asilimia ndiyo ninayoitazama kabla ya kitu kingine. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kabla ya kulegeza masharti, asilimia ya vipimo chanya iwe chini ya 5 kwa angalau wiki mbili, mradi upimaji uwe mpana. Ikiwa 30 kati ya 100 wanakutwa nao, maana yake unawapima tu waliokwisha zidiwa, na wengi wanapita mlangoni bila kuandikwa.

Wangapi hupita? Mji mdogo wa Vo', kaskazini mwa Italia, ulijibu mapema. Kifo cha kwanza cha Korona nchini humo kilitokea kwa mkazi wake Februari 2020, mji ukafungwa, na wengi wa wakazi wake, ambao ni kama elfu tatu hivi, wakapimwa mwanzo na tena mwisho wa kufungwa. Zaidi ya 40 kati ya kila 100 waliokutwa na virusi hawakuwa na dalili yoyote. Hao wote, katika mji ambao hungoja mtu akohoe ndipo apimwe, wasingeonekana.

Karibu na kwetu kuna mifano mizito zaidi. Watafiti nchini Kenya walipima damu ya wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020 na kukadiria kwamba takriban asilimia 4.3 walikuwa na kingamwili za virusi hivyo, yaani walikwisha ambukizwa. Wakati huo wagonjwa waliothibitishwa rasmi nchi nzima walikuwa elfu chache tu. Na mjini Lusaka, Zambia, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walichukua sampuli kwa marehemu waliopokelewa mochwari ya hospitali kuu. Kati ya 364 ambao sampuli zao zilitoa majibu, 58 walikuwa na virusi hata kwa kigezo kikali cha kipimo, karibu asilimia 16. Wengi wa waliokutwa navyo walifia majumbani, na hakuna hata mmoja wa hao wa majumbani aliyekuwa amepimwa kabla ya kufa. Tangu nisome hayo, nikisikia mtu akisema "kwetu haukufika" huwa namuuliza mlipima wangapi. Sijawahi kupata jibu linaloanza na tarakimu.

Wengine wanadhani matatizo haya ni ya nchi zisizo na fedha. Hapo ndipo napenda kusimulia kisa cha Uingereza, na nitakisimulia taratibu kwa sababu kinanigusa kama mtu wa madaftari. Oktoba 2020 ilibainika kwamba wagonjwa 15,841 waliothibitishwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingizwa kwenye takwimu za kila siku za England. Hawakufichwa. Majibu ya maabara yalikuwa yakikusanywa kwenye mafaili ya Excel, programu ya majedwali ya kompyuta, ya muundo wa zamani, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mgonjwa mmoja alitumia mistari kadhaa. Faili likijaa, waliobaki walidondoka kimya kimya, bila onyo. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao. Waliokosa taarifa ni wafuatiliaji: majina hayakuwafikia kwa wakati, kwa hiyo maelfu ya watu waliokaa na wagonjwa hao hawakupigiwa simu ya kuambiwa wajitenge, wakaendelea na shughuli zao. Miji ambayo wagonjwa wake wengi walidondoka ilijiona ina nafuu wiki ambayo hali ilikuwa inachachamaa.

Leicester, miezi michache kabla, walikuwa na malalamiko ya aina nyingine. Ndio mji wa kwanza Uingereza kufungwa peke yake, mwisho wa Juni 2020, na viongozi wake walilalamika kwamba majibu ya vituo vikubwa vya kupimia nje ya hospitali yalikuwa yakipelekwa juu bila kuwarudia wao kwa undani wa mtaa kwa mtaa. Namba ilijulikana makao makuu; waliotakiwa kugonga milango hawakujua wagonge mlango upi.

Kujua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kufanya nini, na hapa nina maoni makali kidogo: si kila ongezeko ni mlipuko wa jamii, na kuyachanganya hayo mawili kunaharibu imani ya watu. Wilaya ya Gütersloh, Ujerumani, Juni 2020, ilipata wagonjwa zaidi ya 1,500 kwa mpigo, karibu wote wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha nyama. Mazingira ya mle yalieleweka: baridi, hewa inayozungushwa humohumo, watu wamebanana kwenye mkanda wa kukatia, na wengi wakilala pamoja kwenye nyumba za kupanga. Wilaya nzima ikafungwa. Kwa siku za mwanzo naunga mkono, kwa sababu hakuna aliyejua virusi vimetoka nje ya geti kwa kiasi gani. Lakini watu wa nje walipopimwa kwa wingi ikaonekana maambukizi kwa wananchi wengine ni machache, na masharti yakaongezwa muda hata hivyo. Tarehe 6 Julai mahakama ya utawala ya jimbo ikayasimamisha, ikisema kuifunga wilaya yote hakuendani tena na hali halisi. Mahakama iliisoma ramani vizuri zaidi kuliko ofisi.

Virusi hivi havisambai sawasawa. Wagonjwa wengi hawamwambukizi mtu yeyote, halafu mmoja anaambukiza chumba kizima. Kwaya ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi jioni ya tarehe 10 Machi 2020, kwa muda wa saa mbili na nusu, waimbaji 61. Mmoja alikuwa na dalili za mafua. Kufikia mwisho walihesabiwa wagonjwa 53, wakiwemo waliodhaniwa bila kipimo, na wawili walifariki. Chumba kimoja, jioni moja.

Wajapani walijenga mkakati wao juu ya jambo hilo. Sehemu nyingi, ukimpata mgonjwa unauliza: tangu uugue umekaa na nani? Wao walitilia mkazo swali la nyuma: wewe uliupata wapi? Ukimfuata mgonjwa kwenda mbele, huenda usikute kitu, kwa kuwa wengi hawaambukizi. Ukirudi nyuma, kuna uwezekano mkubwa utafika kwenye ile kwaya, ule ukumbi, ile gereji isiyo na dirisha, na hapo utakuta wagonjwa kumi wengine ambao hakuna aliyekuwa akiwatafuta. Kwa wananchi wakaeleza kwa maneno machache: epuka pahali palipofungwa, palipojaa, na mazungumzo ya uso kwa uso. Shangazi alilielewa hilo kwa dakika moja, baada ya mimi kuhangaika miezi na asilimia zangu. Akaanza kukaa uani na wageni wake.

Kurudi nyuma kunadai mgonjwa akueleze ukweli, na watu hawasemi ukweli kwa anayewaaibisha. Mei 2020 mjini Seoul kulitokea mlipuko kwenye kumbi za usiku za Itaewon, baadhi zikiwa ni za mashoga, na vyombo vya habari vikalitaja hilo kwa kelele. Orodha za wageni zilikuwepo, lakini wengi walikuwa wameandika namba za simu za uongo au hawakupokea. Mji ukaruhusu watu wapimwe bila kutaja majina, namba ya simu tu inatosha. Waliojitokeza wakaongezeka sana. Wagonjwa waliohusishwa na mlipuko ule walizidi 200, na kwa mji wa ukubwa ule, idadi hiyo naihesabu kuwa ushindi. Kila niliposikia mahali fulani mgonjwa ametajwa jina hadharani, au nyumba imewekewa alama, nilijua wilaya hiyo imejitoboa macho yenyewe.

Nchi nazo huadhibiwa vivyo hivyo. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waligundua kirusi kilichobadilika wakakitangaza bila kuchelewa. Tarehe 26 Shirika la Afya Duniani likakiita Omicron. Afrika Kusini waliona namba za jimbo la Gauteng zinapanda, wakachunguza sampuli, wakatoa taarifa. Ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa. Malipo yao yakawa kufungiwa safari za ndege, na majirani zao wakafungiwa pamoja nao.

Omicron pia iliua jedwali langu, kama nilivyolijua. Maambukizi yalikuwa mengi mno kwa maabara, na nchi nyingi watu wakaanza kujipima nyumbani. Kipimo cha nyumbani mara nyingi hakiandikwi popote. Kuanzia hapo safu ya wagonjwa wapya ilibaki mapambo. Nikahamia kwenye waliolazwa, ambao nao walihitaji jicho, kwani aliyevunjika mguu akikutwa na virusi mapokezi alihesabiwa humohumo. Ile ramani maarufu ya Korona duniani ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, iliyoanza Januari 2020, iliacha kukusanya takwimu tarehe 10 Machi 2023. Miezi miwili baadaye, tarehe 5 Mei, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya kimataifa imekwisha. Ofisi nyingi za wilaya zikawaaga wafuatiliaji wao hata kabla ya hapo.

Kilichobaki, na mimi nakiamini kuliko vyote, ni maji taka. Aliyeambukizwa mara nyingi hutoa virusi chooni, pengine hata kabla hajakohoa, na hahitaji kituo cha kupimia, nauli, wala ujasiri wa kutaja jina. Agosti 2020 Chuo Kikuu cha Arizona kilikuwa kikipima maji taka ya mabweni yake. Bweni moja likaonyesha dalili. Wakapima watu wote 311 waliohusika nalo, wakapata wawili, wote wazima wa afya kwa macho, wakawatenga. Watoto wawili wa chuo waliondolewa kwenye vyumba vyao kwa siku kadhaa na masomo yakaendelea. Hiyo habari haikusomwa na waziri yeyote jioni, maana haina namba ya kutisha.

Maji taka yana upungufu wake. Yanataka mabomba, na penye vyoo vya shimo utapima nini? Mvua kubwa huyachanganya. Hayakwambii ni nani, yanakwambia ni upande upi. Lakini kwa swali la shangazi, upande upi unatosha. Wilaya ikiamua kutumia fedha kidogo tu kwa ajili ya ugonjwa ujao, nashauri ianze na mtu mmoja wa kuchukua chupa ya maji hayo kila wiki, maabara ya kuipokea, na ofisa wa wilaya hiyohiyo mwenye ruhusa ya kuchukua hatua siku majibu yanapofika, bila kuomba kibali juu. Huyo wa tatu ndiye mgumu kupatikana.